Mfuko wa 70,000: hesabu ya Dodoma, shamba la Mbozi

Agosti 8, 2022, siku ya Nane Nane, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mpango wa ruzuku ya mbolea katika viwanja vya John Mwakangale jijini Mbeya. Mfuko wa urea wa kilo 50, ambao dukani ulishavuka shilingi 120,000, na ule wa DAP, mbolea ya kupandia, uliokuwa umepita 130,000, ilishushwa yote hadi 70,000. Fungu lililotengwa kwa msimu wa 2022/23 lilikuwa shilingi bilioni 150.

Kwa mkulima wa Mbozi au Wanging'ombe habari iliishia hapo: bei imeshuka, tafuta hela uende kwa wakala. Lakini nyuma ya tarakimu ile kuna watu ambao hawapandi jukwaani. Wapo wachumi wa Idara ya Sera na Mipango ya Wizara ya Kilimo, wenzao wa Wizara ya Fedha wanaolinda ukomo wa bajeti, watakwimu wa Ofisi ya Taifa ya Takwimu (NBS) na maofisa wa Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea (TFRA). Huku chini yupo mchumi wa halmashauri anayesubiri taarifa za maofisa ugani zifike, mara nyingi zikiwa zimechelewa. Nimekichagua kisa hiki kwa sababu ndani ya mpango mmoja unaiona kazi yao ikiwa imekaa vizuri na unaiona ikiwa imekaa upande. Msimamo wangu nauweka mapema: bei ya mbolea na bei ya mahindi ni hesabu moja, na kwa miaka mingi serikali imekuwa ikiipiga katika ofisi mbili zisizosalimiana.

Mbolea ilipandaje

Urea hutengenezwa kwa gesi asilia. Gesi ikipanda, urea inapanda, hata kama mkulima wa Ludewa hajawahi kuiona gesi yenyewe. Mwaka 2020 tani moja ya urea kwenye soko la dunia ilikuwa wastani wa chini ya dola 250. Aprili 2022 ilivuka dola 900. Katikati hapo China ilibana mbolea yake isitoke nje ovyo, gesi ya Ulaya ikapaa, kisha Februari 2022 Urusi, mmoja wa wauzaji wakubwa kabisa wa mbolea duniani, ikaivamia Ukraine. Tanzania huagiza nje sehemu kubwa ya mbolea yake. Meli inashusha Dar es Salaam, na kutoka pale mfuko unasafiri zaidi ya kilometa 800 kwa lori hadi Mbeya. Kila anayeugusa njiani anaongeza chake.

Kanda iliyoumia zaidi ni hii yetu ya Nyanda za Juu Kusini. Iringa, Njombe, Mbeya, Songwe, Rukwa na Ruvuma ndiko mbolea ya mahindi inakotumika kwa wingi kuliko kwingine nchini. Tuna msimu mmoja wa mvua, Novemba hadi Aprili au Mei, na ardhi nyingi imelimwa mahindi juu ya mahindi miaka nenda rudi. Ukipanda bila mbolea ya kupandia wala ya kukuzia, unachovuna ni mabua. Msimu wa 2021/22 wengi walipunguza: aliyezoea mifuko miwili kwa ekari akaweka mmoja, aliyeweka mmoja akanunua ya kupima. Hiyo ya kupima inahitaji kuelezwa kwa asiyeijua: mwenye duka anafungua mfuko, anakuuzia kilo tano au kumi kwenye mfuko mdogo, na bei ya kilo inakuwa juu kuliko ungenunua mfuko mzima. Nani hununua hivyo? Asiye na hela ya mfuko. Huyo mtu nitamrudia, kwa sababu bei ya 70,000 ilimpita pembeni.

Hesabu yenyewe

Mchumi wa kilimo akitaka kujua kama mkulima atanunua mbolea, haanzi na bei ya mfuko. Anaanza na swali: shilingi moja ya mbolea inarudi na shilingi ngapi za mahindi? Uwiano huo, thamani ya nyongeza ya mavuno ukigawanya kwa gharama ya mbolea, ndio dira ya karibu kila mpango wa ruzuku barani Afrika. Kanuni ya mazoea inasema ukiwa chini ya 2, mkulima mdogo hanunui, hata kama kwenye karatasi anapata faida. Mvua inaweza kukatika, viwavijeshi wanaweza kuingia, mtoto anaweza kuugua mwezi wa tatu. Ile shilingi ya pili ni fidia ya hofu.

Tuipige kwa mfano. Mfuko wa urea una asilimia 46 za naitrojeni, yaani kilo 23. Kwa shamba lililopaliliwa mapema na kupandwa mbegu bora, chukulia kila kilo ya naitrojeni inaleta nyongeza ya kilo 15 za mahindi. Mfuko mmoja basi unaleta kilo 345. Mahindi yakiwa shilingi 500 kwa kilo, yaani gunia la kilo 100 kwa 50,000, nyongeza hiyo ni shilingi 172,500. Gawanya kwa 124,000, bei ya mfuko kabla ya ruzuku: unapata 1.4. Mkulima haendi dukani. Gawanya kwa 70,000: unapata karibu 2.5. Anakwenda.

Ndiyo maana nasema hiyo 70,000 haikuwa tarakimu ya kisiasa tupu, ingawa namba nzima-nzima kama hiyo inanukia siasa. Ilimvusha mkulima mstari ule wa 2. Kazi ya mchumi hapo ilikaa vizuri.

Sasa badilisha kitu kimoja tu. Acha mbolea ibaki 70,000, halafu mahindi yaanguke hadi 300 kwa kilo, bei ambayo mkulima wa Rukwa au Ruvuma hahitaji kusimuliwa. Nyongeza inakuwa 103,500, uwiano unashuka hadi 1.5, na ruzuku yote imeyeyuka. Geuza upande wa pili: mahindi yakifika 1,000, hata mfuko wa 124,000 unarudisha 2.8 bila serikali kutoa senti. Na ukirudi kwenye 500 lakini udongo ukawa na asidi nyingi kiasi kwamba kilo ya naitrojeni inaleta nusu ya mahindi yale, mfuko wa ruzuku unarudisha 1.2 tu. Huyo alihitaji chokaa ya kilimo kabla ya urea, jambo ambalo bei moja ya mfuko haiwezi kumwambia.

Bei ya mahindi, basi, ina nguvu kwenye uamuzi wa kununua mbolea kuliko ruzuku yenyewe. Na bei ya mahindi ya Nyanda za Juu Kusini inategemea sana kama geti la Tunduma, mpakani na Zambia, liko wazi.

Kuhusu bilioni 150

Hili nalipita haraka, lakini si dogo. Tuseme pengo kati ya bei ya soko na 70,000 ni shilingi 55,000 kwa mfuko. Bilioni 150 zinatosha mifuko milioni 2.7 hivi, yaani tani 136,000. Takwimu za serikali zinaonyesha matumizi ya mbolea nchini yalipanda kutoka takriban tani 363,000 msimu wa 2021/22 hadi 580,000 msimu wa 2022/23. Si tani zote hizo za ruzuku, lakini hata ukiondoa nyingi unaona kuwa fungu lilikuwa dogo kwa ahadi iliyotolewa.

Kilichosaidia ni soko la dunia. Bei ya urea ilianza kuporomoka na kufikia katikati ya 2023 ilikuwa chini ya dola 400 kwa tani, hivyo pengo la kuzibwa likapungua lenyewe. Ukitangaza bei ya mwisho badala ya kutangaza kiasi cha ruzuku kwa mfuko, umechukua mzigo wote wa mabadiliko ya bei na kuuweka kwenye bajeti. Mwaka ule upepo ulikuwa mzuri. Mchumi wa Hazina anayelala usingizi kwa kutegemea upepo atafute kazi nyingine.

Kwa sababu hiyohiyo, mtu akikuambia kupanda huko kwa matumizi ni matunda ya ruzuku peke yake, mwulize: je, kama bei ya dunia isingeshuka? Je, kama mahindi yasingekuwa yanatafutwa kama yalivyotafutwa, Kenya ikiwa katikati ya ukame mkali na malori yakija kubeba huku? Kupima mchango wa ruzuku kunataka ulinganishe kaya zilizopata na zinazofanana nazo ambazo hazikupata. Mpango ulipofunguliwa kwa kila aliyejisajili, kundi la pili likakosekana karibu lote. Msimu ule ilikuwa dharura na huwezi kumnyima mtu mbolea kwa ajili ya utafiti. Lakini wangeweza, kwa mfano, kuanza na wilaya chache wiki kadhaa mapema, wakapata mahali pa kulinganishia.

Ekari ya hatua sabini

Hapa ndipo kisa kinapoingia shambani, na ndipo kinaponivutia zaidi.

Ili mtu apate mbolea ya ruzuku ilibidi asajiliwe: jina, kijiji, mazao, ukubwa wa shamba. Usajili unapita kwa mtendaji wa kijiji na ofisa ugani, unaingizwa kwenye mfumo wa kidijitali, mkulima anapewa namba, anakwenda nayo kwa wakala. Kiasi cha mbolea anachostahili kinatokana na ekari alizoandikisha. Mazungumzo ya usajili kwenye vijiji vya huku yana ladha hii:

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mmekuja na lile daftari la mbolea?"

"Ndiyo baba. Mahindi mwaka huu ekari ngapi?"

"Andika nane."

"Mwaka jana ulituambia nne."

"Mwaka jana mlikuwa mnauliza habari za ushuru, mwanangu. Mwaka huu mnauliza habari za mbolea."

Mzee hadanganyi kwa nia mbaya. Anajibu swali analolisikia. Kwa miaka mingi ekari ilikuwa kitu cha kupunguza unapokutana na mtu wa serikali, kwa sababu ilinuka kodi. Ruzuku imeigeuza kuwa kitu cha kuongeza. Ofisa ugani aliyeandika nane kwenye usajili ndiye huyohuyo anayejaza taarifa za eneo lililolimwa, zinazopanda kutoka kijiji hadi kata, halmashauri, mkoa, mpaka wizarani. Zikiwa huko zinageuka kuwa makadirio ya mavuno. Daftari la ruzuku likianza kutumika kama chanzo cha takwimu za uzalishaji, nchi itavuna mahindi mengi sana kwenye karatasi.

Halafu kuna ekari yenyewe. Kijijini ekari ni hatua sabini kwa sabini. Ekari ya kitabuni ni mita za mraba 4,047. Mtu mrefu ambaye hatua yake inakamilisha mita moja akipima sabini kwa sabini anapata mita za mraba 4,900, zaidi ya ekari halali kwa asilimia 21. Kibarua anayelipwa kwa ekari analijua hili vizuri. Angalia wanavyogombana nani ahesabu hatua wakati wa kulima. Wachumi waliolinganisha ekari za kutajwa na zilizopimwa kwa GPS, Tanzania ikiwemo, wameona mwelekeo unaojirudia: mwenye shamba dogo hulitaja kubwa kuliko lilivyo, mwenye kubwa hulitaja dogo. Wote wawili wako ndani ya daftari la ruzuku.

Upande wa mavuno nao una vituko vyake. Mkulima anahesabu kwa gunia, lakini gunia gani? La kilo 100 lililofungwa mdomo, au lumbesa lenye kilemba ambalo mnunuzi wa Mlowo au Makambako analitaka lijae mpaka lishonewe kofia? Wakala wa Vipimo amekuwa akiipiga vita lumbesa miaka yote, na bado ipo. Bei ikiandikwa "50,000 kwa gunia" na gunia lina kilo 120, mkulima amelipwa 417 kwa kilo, si 500. Rudi kwenye hesabu yetu ya juu: kwa 417, mfuko wa 70,000 unarudisha 2.1. Bado umevuka mstari, lakini kwa unywele. Lumbesa peke yake inaweza kumeza sehemu kubwa ya kile serikali ilichotoa.

Sijawahi kuona lumbesa ikijadiliwa kama suala la ruzuku ya mbolea. Inapaswa.

Ofisi ya pili

Sasa twende kwenye ofisi nyingine, ile ya usalama wa chakula. Zana yake kuu ni mizania ya chakula. Unakadiria mavuno, unakadiria mahitaji kwa idadi ya watu, unagawanya, unapata kiwango cha utoshelevu. Chini ya asilimia 100 ni upungufu. Kati ya 100 na 120 ni utoshelevu. Juu ya 120 ni ziada. Ni zana nzuri kwa swali lake. Swali lake ni: chakula kipo? Haiulizi kiko kwa nani, kwa bei gani, na mwenye nacho ana deni gani dukani.

Kwa mizania hiyo mkononi, na kwa hofu ya njaa ambayo mwanasiasa yeyote anayo, serikali ilizuia mahindi kuuzwa nje ya nchi mara kadhaa: 2008, 2011, na tena Juni 2017. Huo wa 2017 unafaa kutazamwa kwa karibu. Mwanzoni mwa mwaka bei zilikuwa zimepanda kwa sababu mvua zilikuwa mbovu, hasa kaskazini. Wakulima wa Nyanda za Juu Kusini walifanya ambacho kitabu cha uchumi kinawataka wafanye: waliona bei nzuri, wakaweka mbolea, wakalima. Zuio likatangazwa mavuno yakiwa ndiyo yanaingia ghalani. Bei huku kusini ikaanguka, na mahindi yakakaa majumbani yakisubiri mnunuzi. Zuio baadaye liliondolewa, lakini aliyeuza kwa bei ya kutupa ili alipe ada ya shule hakurudishiwa.

Kinachonikera ni kwamba bajeti ya mwaka huohuo, 2017/18, ilikuwa imebeba ushauri mzuri wa wachumi. Ushuru wa mazao unaotozwa na halmashauri ulipunguzwa kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula, na mzigo usiozidi tani moja ukaachwa upite bila ushuru kutoka halmashauri moja kwenda nyingine. Kwa gunia la 50,000, kushuka kutoka 5 hadi 2 ni shilingi 1,500. Kilikuwa kitu halisi, kilichopiganiwa kwa miaka kwa takwimu na hoja. Kisha zuio la mpakani likaondoa mara nyingi ya hizo 1,500 kwa tangazo moja.

Je, wachumi hawakusema? Walisema. Tafiti juu ya mazuio ya mahindi Tanzania zilikuwepo muda mrefu kabla ya 2017, na ujumbe wake ulikuwa mmoja: zuio linashusha bei kwa mzalishaji kuliko linavyomsaidia mlaji wa mjini, na mzigo unaangukia kanda zenye ziada zilizo mbali na Dar es Salaam na karibu na mpaka. Yaani sisi. Ushauri ulifika mezani, ulichokosa ni jibu la swali la waziri: "Njaa ikitokea, nitasimama wapi?" Mchumi anayepeleka hoja ya "acha soko" bila kuambatanisha kiasi cha akiba ambacho Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula (NFRA) anapaswa kuwa nacho, kwenye maghala yapi, na kwa fedha zipi, amepeleka nusu ya ushauri. Nusu nyingine inajazwa na zuio.

Linganisha na 2024. Ukame wa El Niño uliiunguza Zambia, na NFRA ikakubaliana na wenzetu kuwauzia tani 650,000 za mahindi. Mpaka uleule, geti lilelile la Tunduma, lakini safari hii ziada ilitazamwa kama biashara. Tani 650,000 zinazotafutwa ng'ambo zinaingia moja kwa moja kwenye uwiano wa mbolea wa mkulima wa Momba.

Bei moja nchi nzima, tena

Wazee wa huku wameshaona mengi ya namna hii. Miaka ya 1970 Shirika la Taifa la Usagishaji lilinunua mahindi kwa bei moja nchi nzima, Songea sawa na Morogoro. Ofisi ya kuendeleza masoko iliyokuwa chini ya Wizara ya Kilimo, ikisaidiwa na FAO, iliandika kila mwaka mapendekezo ya bei za mazao. Huenda ndilo kundi la kwanza la wachumi wa serikali lililofanya kazi hii kwa mfululizo nchini. Bei moja, pamoja na mbolea nafuu, ndiyo iliyoifanya mikoa minne ya Iringa, Mbeya, Rukwa na Ruvuma kuwa ghala la taifa. Gharama ya lori ilibebwa na shirika, na shirika likazama kwenye madeni. Mageuzi yalipokuja, ruzuku ya mbolea ilipunguzwa hatua kwa hatua hadi kufutwa katikati ya miaka ya 1990, na wa mbali ndio waliacha mbolea kwanza.

Bei ya 70,000 nayo ilitangazwa kuwa moja. Wakala aliye Uyole, jijini Mbeya, na anayetakiwa kupeleka mfuko mpaka ndani kabisa Chunya au Ileje walitakiwa kuuza kwa bei ileile. Ungekuwa wewe ungefungua duka wapi? Ndiyo sababu malalamiko ya msimu wa kwanza yalifanana karibu kila wilaya: mkulima ana namba yake kwenye simu, lakini mbolea iko mjini, foleni ndefu, mtandao umekatika, na nauli ya kwenda na kurudi na mifuko miwili inakula punguzo. Hili lilitabirika. Mchumi yeyote aliyesoma historia ya bei moja angeweza kuandika aya mbili kuhusu posho ya usafiri kwa wakala wa mbali.

Nani aliufikia mfuko

Mfumo wa zamani wa ruzuku, ule wa vocha ulioanza kusambazwa 2008/09, ulichagua watu. Vocha ilikuwa ya ekari moja: mfuko wa urea, mfuko wa DAP au mbolea ya fosfeti ya Minjingu, na kilo 10 za mbegu ya mahindi, serikali ikilipa nusu ya bei na mkulima nusu, kwa misimu mitatu kisha unahitimu. Kamati ya vocha ya kijiji, iliyochaguliwa na mkutano wa kijiji, ndiyo iliyotaja majina. Ubaya wake unajulikana: utafiti mmoja uliofanywa Kilimanjaro ulikuta takriban asilimia 60 ya vocha zimeishia kwenye kaya za viongozi wa vijiji. Na huku kwetu nani hajasikia habari za mkulima aliyesaini vocha, akapewa elfu chache, mbolea akaiona inashushwa kwa mwingine?

Kwa hiyo 2022 kufungua mlango kwa wote kulikuwa na mantiki. Hakuna wa kuhonga kama kila mtu anastahili. Lakini mlango ulio wazi kwa wote unapitika zaidi na mwenye mfuko mnene: mwenye ekari ishirini anachukua ruzuku mara ishirini ya mwenye ekari moja. Na yule wa mbolea ya kupima? Mfuko wa kilo 50 kwa 70,000 bado ni shilingi 70,000 anazotakiwa kuwa nazo siku moja, mwezi wa kumi na moja, wakati akiba ya chakula inaelekea kwisha. Namba anayo, hela hana. Wengine waliuza namba zao. Mfuko wa kilo 25 ungemfaa, na ungekuwa na wakala wa kijijini tangu Septemba, kabla hela ya mavuno haijaisha, angeununua.

Kama ningekuwa na nafasi ya kuweka jambo moja kwenye meza ya mchumi anayeandaa waraka wa ruzuku, lingekuwa jedwali la mistari mitatu: uwiano wa mbolea kwa mahindi ya 300, ya 500 na ya 1,000, likiambatana na maelezo ya serikali itafanya nini mpakani kwenye kila hali, na NFRA itanunua tani ngapi bei ikigusa chini. La pili ni rahisi zaidi. NBS hupima mashamba kwa GPS kwenye sampuli za tafiti zake. Chukua sampuli ya waliosajiliwa ruzuku Mbozi, Kilolo na Ludewa, ipimwe hivyohivyo, ilinganishwe na ekari zilizoandikwa. Ikionekana zile nane ni nne, wizara iache kuzitumia kukadiria mavuno, kabla mizania ya chakula haijaonyesha ziada ambayo malori hayatakuta ghalani.